Kibandiko, bigijii au vepu? Maswali ya wanaotaka kuacha sigara

Nauza dawa Dar es Salaam. Anayekuja kuulizia dawa ya kuacha sigara huwa namtambua kabla hajafungua mdomo: husubiri wateja wengine waondoke, kisha huinama kwenye kaunta na kuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia ugonjwa wa aibu. Hakuna aibu hapo. Nimekusanya maswali ninayoulizwa mara nyingi zaidi pamoja na majibu yake. Ni ya mtu mzima anayevuta na anataka kuacha. Kama huvuti, usinunue chochote kati ya vitu hivi, hata kwa kuonja.

Nikotini ndiyo iliyonifunga. Kwa nini mnanipa nikotini tena?

Karibu kila mtu huanza na swali hili, na wengi hukosea hapahapa. Nikotini ndiyo inayokurudisha kwenye pakiti, lakini kinachoua wavutaji ni moshi. Tumbaku inapoungua hutoa kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 kati yake zinajulikana kuleta saratani. Humo mna lami inayoganda kwenye mapafu. Humo pia mna kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Ikiingia kwenye damu hukalia nafasi ya oksijeni, na moyo unalazimika kufanya kazi kwa nguvu zaidi.

Kibandiko cha nikotini, dawa inayobandikwa kwenye ngozi, hakina moshi, hakina lami, hakina gesi hiyo. Kina nikotini peke yake, tena inayopenya polepole kwenye ngozi saa baada ya saa. Moshi wa sigara hufikisha nikotini kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na ile kasi ndiyo inayokamata mtu. Kibandiko hakina kasi hiyo. Hutasikia stimu, ila utaona arosto imepungua: zile hasira za ghafla, kukosa usingizi, njaa isiyoisha, mikono isiyotulia. Arosto hupamba moto siku 2 au 3 za kwanza na kwa watu wengi hutulia ndani ya wiki 2 hadi 4. Dawa ipo ili ikuvushe hapo.

Kumpa mtu nikotini bila moshi huitwa tiba mbadala ya nikotini, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009.

Kuna aina gani, na mimi nianze na ipi?

Kuna kibandiko cha ngozi, bigijii ya nikotini, pipi za kumung'unya, na dawa ya kupuliza mdomoni. Kibandiko kinafanya kazi taratibu kutwa nzima. Hizo nyingine zinafanya kazi haraka, pale hamu inapokushika ghafla.

Ushauri wangu kwa anayevuta kila siku: tumia viwili kwa pamoja, kibandiko kwa ajili ya siku nzima na bigijii au pipi kwa ajili ya dharura. Tafiti zimeonyesha mara nyingi kwamba mchanganyiko huu huongeza uwezekano wa kufaulu kwa takriban robo, ukilinganisha na dawa moja. Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni mtu kutumia dawa kidogo mno kwa kuiogopa, kisha anarudi kusema haifanyi kazi.

Kipimo kinategemea maswali mawili. La kwanza: kwa siku unavuta ngapi? Huku kwetu wengi hununua moja moja kwa Mangi au kwa machinga, kwa hiyo hawajui. Mtu ataniambia "nne, tano hivi", kumbe ni kumi na mbili. Kabla ya kuja dukani, weka kila kipisi kwenye kopo kwa siku 3 halafu hesabu. Ukizidi 10 kwa siku, kawaida huanza na kibandiko kikali: cha miligramu 21 kama ni cha saa 24, au cha miligramu 25 kama ni cha saa 16.

La pili: ukiamka, unakaa muda gani kabla ya sigara ya kwanza? Kama hupitishi dakika 30, bigijii yako ni ya miligramu 4. Kama unaweza kunywa chai, ukaoga na ukafika kituoni kabla ya kuwasha, ya miligramu 2 itakutosha.

Nilitafuna bigijii ya nikotini ikanichoma koo na kwikwi ikanishika. Ni mbovu?

Si mbovu, uliitafuna kama jojo. Kijana mmoja aliwahi kunirudishia pakiti nzima akiwa na hasira, amekula moja tu. Nilimwomba anionyeshe alivyoitafuna, nikaelewa.

Hii haitafunwi mfululizo. Itafune polepole mpaka uhisi ukali kama wa pilipili, kisha acha. Iegeshe kati ya shavu na fizi, ikae hapo. Ukali ukipotea baada ya dakika moja hivi, itafune tena kidogo, uiegeshe upande wa pili. Endelea hivyo kwa nusu saa. Nikotini inapaswa kuingia kupitia ngozi laini ya mdomo. Ukitafuna haraka, unaimeza na mate, na ikifika tumboni inaleta kiungulia na kichefuchefu bila kutuliza hamu.

Jambo la pili, ambalo karatasi ya ndani ya boksi huliandika kwa herufi ndogo: kahawa, soda na juisi, hasa za ndimu na machungwa, hufanya mdomo uwe na asidi na kuzuia nikotini isipenye. Acha dakika 15 baada ya kunywa, na usinywe kitu ikiwa mdomoni. Majuma ya mwanzo usisubiri hamu ije. Tumia moja kila baada ya saa moja au mbili.

Kibandiko kinabanduka kwa jasho. Nifanyeje?

Joto la Dar, Mombasa au Tanga halina huruma na gundi. Kibandike asubuhi baada ya kuoga, ngozi ikiwa imekauka kabisa na haina mafuta. Wanaojipaka losheni mwili mzima huniuliza sana swali hili, na jibu ni kwamba acha sehemu moja bila losheni. Chagua mahali pasipo na nywele: juu ya mkono, mgongoni kwa juu, kifuani au nyonga. Kikandamize kwa kiganja kwa sekunde kama 10 au zaidi, pembe zote. Kikiendelea kuinuka, ongeza plasta ya kawaida pembeni.

Kesho hama mahali pengine, maana ngozi huwasha ukirudia palepale. Kuwashwa kidogo na wekundu ni kawaida. Malengelenge si kawaida, kitoe. Ukiota ndoto za ajabu au usingizi ukikata, kivue kabla ya kulala. Ila ujue kwamba alfajiri itakuwa ngumu zaidi, kwa hiyo weka bigijii au pipi karibu na kitanda.

Wiki mbili sijavuta na sina hamu. Naweza kuacha dawa?

Hapana, tafadhali. Huna hamu kwa sababu dawa inafanya kazi. Tumia wiki 8 hadi 12. Kwa kibandiko cha saa 24, mpango wa kawaida ni miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Kuna watu wanaohitaji muda mrefu zaidi, na hiyo ni bora mara elfu kuliko kurudi kwenye moshi.

Je, vepu, yaani sigara ya kielektroniki, ni salama?

Salama, hapana. Lakini ukinilazimisha nilinganishe na sigara, nitakwambia madhara yake ni kidogo zaidi, kwa sababu hakuna kinachoungua. Ndani yake kuna kimiminika cha propilini glikoli, gliserini, vionjo na mara nyingi nikotini. Betri hukipasha joto kikawa mvuke. Lami na kaboni monoksaidi za sigara hazimo. Mvuke wenyewe una kemikali zinazokera njia ya hewa, na kwa kuwa kifaa kilibuniwa China na mfamasia Hon Lik mwaka 2003, hakuna aliyekitumia miaka 40 tukaona kilimfanya nini.

Wakubwa wa afya hawajakubaliana kuhusu vepu, na sitakuficha hilo. Uingereza imeikumbatia kama njia ya kuacha. Mwaka 2023 serikali ilitangaza mpango wa kuwapa wavutaji milioni moja vifaa vya kuanzia bure. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, mwaka huohuo lilizitaka nchi zichukue hatua za haraka kudhibiti vifaa hivi na kuwalinda watoto, na halivipendekezi kama tiba. Nikiisoma hali ya mitaani kwetu, naelewa pande zote mbili. Uingereza kisheria kimiminika hakizidishi miligramu 20 za nikotini kwa mililita, na mvutaji ana mshauri wa kumfuatilia. Kwetu utakuta kifaa cha rangi ya pipi, ladha ya embe, kimeandikwa asilimia 5, maana yake miligramu 50 kwa mililita, kinauzwa kwa mwanafunzi wa sekondari ambaye hajawahi kuvuta sigara hata moja. Huyo hajapunguziwa madhara yoyote. Ameingizwa kwenye uraibu.

Lakini nasikia vepu inasaidia kuacha kuliko kibandiko. Ni kweli?

Kuna ushahidi, na ni wa kuaminika. Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, unaeleza hivi: kati ya watu 100 wanaotumia vepu yenye nikotini, 8 hadi 10 huacha sigara; wakitumia vibandiko, bigijii na jamii yake, ni kama 6; wasio na msaada wowote, ni kama 4.

Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019, wenye watu 886, ulikuta kwamba baada ya mwaka mmoja asilimia 18 ya waliopewa vepu walikuwa hawavuti tena, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliopewa tiba mbadala ya nikotini. Wote walikuwa na ushauri wa ana kwa ana. Lakini tazama nusu ya pili ya habari hiyo, ambayo wauzaji hawaisemi: kati ya waliofaulu kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanatumia vepu. Upande wa tiba mbadala, waliokuwa bado wanatumia dawa ni asilimia 9 tu.

Kwa hiyo ninachowaambia wateja wangu ni hiki. Anza na kibandiko pamoja na bigijii, kwa kipimo cha kutosha na muda wa kutosha. Ni dawa iliyosajiliwa, kiwango chake kinajulikana, na utatoka ndani yake kirahisi. Kama umejaribu kwa dhati ikashindikana, na uko mahali ambapo vepu inaruhusiwa, basi mtu mzima kuhama kutoka sigara kwenda vepu moja kwa moja ni hatua ya mbele. Kisha punguza nguvu ya nikotini hatua kwa hatua, refusha muda kati ya kuvuta na kuvuta, mpaka uiweke chini nayo.

Sasa hivi navuta sigara 5 na vepu. Si nimepunguza?

Hali hii inanihuzunisha kuliko nyingine, maana mtu anaamini kabisa kwamba yuko njiani. Vepu anavuta ofisini au kwenye gari, sigara anavuta jioni na washikaji. Moyo haupunguziwi mzigo kwa hesabu ya moja kwa moja. Hata sigara chache kwa siku huacha hatari kubwa ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Wiki moja au mbili za kuhama, sawa. Miezi 6 ya kushika vyote viwili, hapana. Weka tarehe, sigara ziishe zote.

Mara nyingi sababu ni kwamba vepu haikupi nikotini ya kutosha. Ongeza kibandiko. Inaruhusiwa kutumia kibandiko na vepu pamoja; dalili za kuzidisha ni kichefuchefu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio, na ukizipata, punguza.

Wale watu waliokufa Marekani kwa vepu?

Ni kweli ilitokea. Mwaka 2019 hospitali za Marekani zilianza kupokea vijana wenye mapafu yaliyoharibika ghafla. Kufikia Februari 2020 walikuwa wamelazwa au kufa watu 2,807, waliokufa wakiwa 68. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walivuta vimiminika vya bangi vya mtaani vilivyochanganywa na mafuta ya vitamini E asetati. Fundisho kwa mnunuzi: usijaze kifaa chako kitu kilichochanganywa na mtu usiyemjua.

Nikiacha sigara nikahamia shisha?

Hapana. Shisha ni moshi wa tumbaku juu ya makaa, na kikao kimoja huchukua saa nzima. Maji hayasafishi kitu. Tena Kenya na Rwanda zilipiga marufuku mwaka 2017, na Tanzania mwaka mmoja kabla yake. Ugoro na kuberi pia si dawa. Ni tumbaku, na saratani ya mdomo inatokea humo.

Nina presha au moyo, ni mjamzito, au natumia dawa nyingine.

Presha na ugonjwa wa moyo uliotulia havikukatazi kibandiko. Sigara ni mbaya zaidi kwako kuliko kibandiko. Kama umepata mshtuko wa moyo au kiharusi wiki chache zilizopita, mwone daktari kwanza.

Mama mjamzito, dada yangu, bora kuacha bila dawa yoyote. Ukishindwa, bigijii, pipi au kibandiko kwa ushauri wa kliniki ni afadhali kuliko kaboni monoksaidi kumfikia mtoto. Kibandiko kivue usiku. Usianze na vepu.

Anayetumia ARV asiogope, kibandiko hakigombani nazo. Wanaohitaji uangalifu ni watu wa dawa za akili kama klozapini na olanzapini, na wa dawa ya pumu iitwayo theofilini. Moshi huharakisha ini kuziondoa dawa hizi mwilini. Ukiacha moshi, kiwango kilekile ulichozoea kinaweza kupanda na kuwa kikubwa mno, hata kama umevaa kibandiko, maana kinachochochea ini ni moshi. Mwambie daktari kabla ya tarehe yako ya kuacha. Hata kahawa inaingia humu: vikombe ulivyozoea vitakupa mapigo ya moyo na kukosa usingizi, nawe utadhani ni arosto. Punguza nusu.

Kuna vidonge?

Vipo: vareniklini, bupropioni na sitisini. Havina nikotini. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilivipendekeza vyote vitatu pamoja na tiba mbadala ya nikotini. Vinahitaji daktari, bupropioni, kwa mfano, haifai mwenye kifafa. Uliza hospitali, na uulize pia ushauri nasaha, kwa sababu dawa pamoja na mtu wa kuongea naye hushinda dawa peke yake. Kenya kuna simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192.

Ramadhani je, kibandiko kinafunguza?

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilihesabu vibandiko vya dawa vinavyopenya kwenye ngozi miongoni mwa vitu visivyobatilisha saumu. Bigijii, pipi na vepu si hivyo. Hizo subiri Magharibi. Mwenye shaka amuulize shehe wake. Mimi naongezea la kitabibu tu: anayebandika wakati wa daku hufika futari bila ile kiu ya kukimbilia sigara kabla hata ya tende, na mwezi mzima wa mchana bila moshi ni mwanzo mzuri kuliko wowote ninaoujua.

Nasafiri na vepu yangu, kuna tatizo?

Angalia sheria kwanza. Uganda ilipiga marufuku biashara na uingizaji wake kwa sheria ya tumbaku ya mwaka 2015. India, ambako Watanzania wengi huenda kutibiwa, iliipiga marufuku mwaka 2019. Oman na Qatar nazo haziruhusu uuzaji wake. Kwenye ndege huwa mkononi, kamwe si ndani ya begi la kupakiwa, kwa sababu ya betri. Kama unakwenda mojawapo ya nchi hizo, beba vibandiko.

Nina watoto wadogo nyumbani.

Chupa ya kimiminika cha vepu ina nikotini ya kumdhuru vibaya mtoto akinywa, na inanukia embe. Funga kabatini, juu. Kibandiko kilichotumika bado kina dawa: kikunje gundi kwa gundi, kitupe asikofika mtoto.

Nilikaa wiki 5 safi, jana msibani nikavuta mbili. Nianze upya?

Pole kwa msiba. Usiku wa matanga, wanaume wamekaa nje, pakiti inazunguka kama kahawa. Hapo wameanguka wengi ninaowafahamu. Usikivue kibandiko kwa kuogopa kwamba umevuta nacho. Sigara mbili juu ya kibandiko hazitakudhuru zaidi kuliko sigara mbili bila kibandiko, na ukikivua ndipo ya tatu inapofuata. Kibakize, kesho badili kama kawaida kwa nguvu ileile uliyokuwa nayo. Na kwa kuwa arobaini inakuja, weka pipi za nikotini mfuko wa shati, mkono uwe na pa kwenda pakiti ikifika kwako.